Dawa ya magugu kabla ya masika

SWALI: Shikamoo Mzee. Kila masika ukoka wangu hapa Usa River hujaa magugu. Mwaka jana nilipuliza pendimethalini mwezi wa Aprili, haikusaidia kitu. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ulichelewa. Dawa hiyo huua mbegu inapochipua. Jani likishatoka juu, halisikii. Mimi hupuliza mwishoni mwa Februari, mvua haijashika, kisha namwagilia jioni hiyohiyo ili izame kidogo udongoni. Magugu yaliyokwisha kuota nayang'oa kwanza. Ila kwa ndago usiitegemee: ndago huchipua kutoka kwenye viazi vyake vya chini, kwa hiyo chimba mpaka ukitoe kiazi chenyewe. Na palipopandwa ukoka mpya, nakusihi usipulize kabisa. Mizizi michanga itadumaa.