Msikilizaji asishike kitabu

Swali lenu la wiki: "Mwanafunzi aandaliweje kwa mashindano ya kusoma kwa sauti?"

Mhariri, mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa shule ya msingi huku Kanda ya Ziwa, na jibu langu linaanza na aibu. Mara ya kwanza kupeleka mtoto mashindano ya kata, nilimkaririsha. Nilidhani nimekipata kifungu kitakachosomwa, tukakaa nacho wiki 3 mpaka akawa anakitiririsha huku anafagia. Siku yenyewe majaji wakatoa kifungu kingine. Alisoma mstari wa kwanza, kisha macho yakapanda darini kuutafuta wa pili, kule alikozoea kuukuta. Mimi nilijifanya nafunga kamba za viatu.

Tangu siku hiyo nina sharti moja: anayemsikiliza mtoto asishike kitabu. Ukishika kitabu unasoma naye, na macho yako yanajazia kila anachokimeza. Asiye na kitabu ana masikio tu. Akishindwa kusimulia alichosikia, msomaji bado, hata kama hakukosea neno.

Kinachowaangusha wengi ni mbio, na kosa ni letu. Kipimo cha KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) huhesabu maneno anayosoma mtoto ndani ya dakika 1. Tunawafundisha kukimbia tangu wadogo, halafu wakifika darasa la V tunashangaa mbona wanasoma kama wamekurupushwa na nyuki. Kumwambia "soma polepole" hakusaidii, atasoma polepole na bado usomaji wake haueleweki. Mimi huandika ubaoni "Baba Neema amefika", na chini yake "Baba, Neema amefika". Mmoja anasoma, mwenzake aliyeupa ubao mgongo anasema nani yuko mlangoni. Akitajwa asiyekuwepo darasa zima linaangua kicheko, na mkato unapata heshima yake.

Sentensi za kuuliza ni ngumu zaidi. "Ameondoka" na "Ameondoka?" ni neno lilelile, pasipo "je" wala "nani", msomaji haonywi mapema. Alama iko mwisho, na akiifikia sauti imeshashuka. Kwa hiyo jicho litangulie mdomo. Nafunua sentensi kwa sekunde 2, naifunika kwa kadi, ndipo anatamka. Wao wanaona ni mchezo.

Matamshi, hasa l na r, huku kwetu ni vita ya kila siku. Kufoka hakufai kitu. Tunaanza asubuhi na "Tulikula kabla ya kupiga kura", tukimaliza tunaendelea na kazi. Wakubwa nawapa "Dereva anaijua barabara hii barabara": ya kwanza mkazo uko silabi ya 3, ya mwisho uko silabi ya 2. Asiyejua anachokisoma ataziimba zote sawa.

Kuna na vijimambo. Karatasi moja ikishikwa na mkono wenye hofu hutetemeka mpaka jaji wa nyuma anaona, basi iwekwe juu ya daftari lenye jalada gumu. Na mazoezi ya mwisho yawe nje, chini ya mwembe, wenzake wakipiga mpira pembeni. Sijawahi kuona ukumbi wa mashindano ulio kimya.

Mwaka huu nilimtuma msichana mmoja akamsomee bibi yake, ambaye hajui kusoma. Kesho yake alirudi amenuna. Bibi, huku anachambua mchele, amemkatiza mara 3 kwa swali moja: "Sasa hapo anayesema ni fisi au ni sungura?" Tukakifungua kifungu. Kweli, wanyama wote wawili walikuwa na sauti moja, ya kwake mwenyewe. Tukafanyia kazi yale mazungumzo tu. Sikutaka amwige fisi kwa kukoroma, maana wapo walimu wanaogeuza usomaji kuwa maigizo na majaji wanakata alama. Alimshusha fisi sauti kidogo, akamfanya mzito wa kujibu. Sungura akabaki mwepesi.

Akamsomea tena bibi. Safari hii hakuulizwa kitu. Pale fisi anapokubali kufungwa kamba kwa hiari yake, bibi alicheka mpaka ungo ukamponyoka, na mjukuu akalala saa 5 usiku akiokota mchele.