Ugali na sato baada ya kupunguzwa mfuko wa tumbo

Dada wa Nyakato, umeuliza utarudia lini ugali na sato baada ya kupunguzwa mfuko wa tumbo kwa upasuaji wa matundu madogo. Tafadhali usiharakishe. Daktari huondoa karibu asilimia 80 ya mfuko na kubana ukingo kwa pini. Mshono huo unaweza kuvuja, hasa wiki za mwanzo. Wiki 2 kunywa tu: maziwa, supu ya sato iliyochujwa. Wiki 2 nyingine samaki aliyesagwa, kisha vyakula laini. Ugali uje mwisho, baada ya wiki 6 hivi, na samaki atangulie: unahitaji angalau gramu 60 za protini kwa siku. Ukipata homa, moyo kwenda mbio au maumivu makali ya tumbo au bega, wahi hospitali usiku huohuo. Vitamini, hasa B12, ni za kumeza maisha yote.