Kasisi mwanamke wa runingani na kazi ya parokiani

SWALI: Ndugu wahariri, nimetazama marudio ya The Vicar of Dibley, kile kipindi cha Kiingereza. Kijiji kinaletewa kasisi mpya, mlango unafunguliwa, kumbe ni mwanamke! Mwenyekiti wa baraza, mzee Horton, anataka arudishwe alikotoka. Mtu mmoja ana uwezo huo kweli? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Hana, na hata wakati ule hakuwa nao. Kipindi kilianza kuonyeshwa BBC Novemba 1994, miezi minane tu baada ya Kanisa la Uingereza, yaani la Kianglikana, kuwapa ukasisi wanawake 32 wa kwanza, mjini Bristol tarehe 12 Machi. Ubishi ulikuwa bado wa moto: katika sinodi, yaani mkutano mkuu wa kanisa, ya Novemba 1992, kura za walei (waumini wasio makasisi) zilivuka theluthi mbili zilizohitajika kwa kura mbili tu. Kwa hiyo hasira ya mzee Horton ina ukweli ndani yake. Kilichopindishwa ni utaratibu.

Uingereza ina mabaraza mawili ambayo yote huitwa ya parokia. Moja ni la serikali ya kijiji: viwanja vya kuchezea watoto, njia za miguu, taa. Tangu 1894 hilo halina neno katika mambo ya kanisa. La pili ni halmashauri ya kanisa yenyewe, ambayo mwenyekiti wake ni kasisi na makamu ni mlei. Kipindi kimeyafanya mabaraza haya kuwa kitu kimoja, na watazamaji wengi hubaki na picha hiyo.

Wala kasisi hawashukii watu kwa ghafla namna ile. Parokia ikiwa wazi, halmashauri huandika maelezo yake: waumini, majengo, fedha, na kasisi wa aina gani anahitajika. Kisha huteua walei wawili wa kuiwakilisha. Mwenye haki ya kupendekeza, ambaye huweza kuwa askofu, chuo cha Oxford au Cambridge, au hata ukoo wa zamani wenye ardhi, huleta jina. Wale wawakilishi wanaweza kulikataa, lakini kwa maandishi yenye sababu, na mpendekezaji anaweza kukata rufaa kwa askofu mkuu.

Parokia isiyokubali kasisi mwanamke ina njia yake rasmi. Leo, kwa utaratibu wa 2014, halmashauri hupitisha azimio baada ya kutoa taarifa ya wiki nne yenye maneno ya azimio lenyewe. Lazima theluthi mbili ya wajumbe wahudhurie na wengi wao waunge mkono. La sivyo, ipatikane zaidi ya nusu ya wajumbe wote. Mzee mmoja akigonga meza, hakuna kinachobadilika.

SWALI: Na uaskofu je? (Msomaji, Butere)

JIBU: Wewe uko nyumbani kwa jibu! Dayosisi yenu ya Kianglikana ya Butere, Kenya, ilipata askofu mwanamke, Rose Okeno, mwaka 2021. Uingereza ilianza Januari 2015 kwa Libby Lane wa Stockport, na Oktoba 2025 Sarah Mullally akatangazwa kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury.

SWALI: Runingani kasisi hunywa chai na kuamua ugomvi wa majirani. Siku za kazi hufanya nini hasa? (Msomaji, Kisumu)

JIBU: Chai ipo, maana kazi kubwa hufanyika sebuleni kwa watu. Chukua mazishi. Mkazi yeyote wa parokia ana haki ya kuzikwa kwa ibada ya kanisa, hata kama hakuwahi kuingia humo. Kampuni ya mazishi humpigia kasisi, naye huenda kwa wafiwa na kukaa nao kama saa nzima. Huuliza marehemu aliitwaje nyumbani, nani atasoma, nyimbo zipi, na kama kuna jambo la familia lisilofaa kutajwa. Hapo ndipo makosa huzaliwa: jina likitamkwa vibaya, wafiwa hawasahau. Mahali pa kuchomea maiti muda aghalabu ni nusu saa au zaidi kidogo. Wasifu wa marehemu ukirefushwa, msiba wa pili unasubiri nje kwenye baridi.

Tena kasisi wa vijijini hana kanisa moja kama yule wa Dibley. Mara nyingi anahudumia matano, sita au zaidi, kwa zamu za Jumapili. Wanaobeba mzigo wa kila siku ni wasimamizi wawili walei wanaochaguliwa kila mwaka kabla ya Juni, na kasisi akiondoka ndio hushika usukani pamoja na kasisi kiongozi wa eneo. Kuondoa viti vya zamani kanisani? Mpaka ruhusa ya mahakama ya dayosisi.

SWALI: Mimi ni Mkenya, mchumba wangu ni Mwingereza. Tutangazwe Jumapili tatu tu kama nyumbani, halafu tufunge ndoa? (Msomaji, Leicester)

JIBU: Dada, matangazo ya Jumapili tatu hayatoshi kwenu. Hutumika pale ambapo wote wawili ni raia wa Uingereza au Ireland, au wana hadhi ya ukaazi waliyopewa watu wa nchi za Ulaya. Kibali chako cha kuishi, hata kiwe cha kudumu, hakibadilishi hilo. Nyinyi wawili mtakwenda pamoja kwa msajili wa serikali na pasipoti na uthibitisho wa anwani, na cheti hutoka baada ya siku 28. Suala likipelekwa idara ya uhamiaji, muda waweza kufika siku 70. Mwone kasisi wa parokia kwanza, na msilipie ukumbi wala kuwakatia wazazi tiketi kabla cheti hicho hakijafika mikononi mwake.