Kwa Matabibu Mnaoomba Ufadhili wa Mafunzo ya Uongozi wa Afya ya Jamii

Nawaandikia matabibu na waganga wafawidhi wa zahanati na vituo vya afya vya serikali mnaoandaa maombi yenu ya kwanza ya ufadhili wa mafunzo ya uongozi, yale yanayomtaka mtu abaki kazini huku akisoma kwa vipindi na kusimamia mradi katika kata yake. Maombi mengi niliyoyasoma hueleza vizuri mwombaji atajifunza nini, lakini hayasemi ni nani atakayewaona wagonjwa siku ambazo yeye hayupo.

Kosa hilo nililifanya mwenyewe. Bajeti yangu ilikuwa na ada, nauli na posho, wala haikuwa na hata shilingi moja ya kumlipa tabibu wa kushika zamu zangu, ilhali zahanati yetu ilikuwa na watumishi wawili tu. Nilipokwenda darasani wiki mbili, muuguzi alibaki peke yake na wajawazito, kliniki ya watoto na foleni ya wagonjwa wa nje. Niliporudi, wajumbe wa kamati ya kituo waliniuliza, kwa upole ulioniuma kuliko ukali, kama uongozi ninaousomea ndio huo wa kuwaacha. Tangu siku hiyo, nikipewa bajeti ya mtu niipitie, naanza kumtafuta mbadala wake.

Jambo la pili ni barua ya ruhusa. Wengi hupata baraka za Mganga Mkuu wa Wilaya wakadhani wamemaliza. Vituo vyetu viko chini ya halmashauri, nazo halmashauri ziko chini ya TAMISEMI, yaani ofisi ya serikali ya Tanzania inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, huku Wizara ya Afya ikishika sera na miongozo. Kwa hiyo ruhusa ya mtumishi itafuteni kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri, tena mapema.

Kuhusu mradi wenyewe, uzaeni ndani ya mpango wa kituo. Tangu mwaka wa fedha 2017/2018, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wafadhili, huingia moja kwa moja katika akaunti ya kituo, na mpango wa kituo huingizwa katika Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri. Mradi usiomo humo hauna pa kushika mfadhili anapoondoka. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini mipango huandaliwa miezi mingi kabla, hivyo atakayeipelekea kamati hoja yake mwezi Juni amechelewa mwaka mzima.

Msiajiri pia kundi lenu la kujitolea kwa posho ya mradi, maana posho ikikoma nao huondoka. Mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii ulizinduliwa Januari 2024. Walipo wahudumu hao, ombeni fedha za kuwasimamia na kuwatembelea vitongojini.

Mkipewa pungufu ya mlichoomba, punguzeni safari na semina za hotelini, lakini fungu la mbadala msiliguse.