Kabla hujashika kikokotoo, jiulize joto linakwenda wapi

Wewe unayeanza mada ya joto, ngoja nikupe kosa langu la kwanza, maana nalikumbuka na tarakimu zake. Swali lilikuwa hivi: gramu 100 za barafu yenye 0°C zimetiwa kwenye gramu 400 za maji yenye 30°C. Mchanganyiko ukitulia utakuwa na nyuzi ngapi? Nikapata 24, nikapiga mistari miwili chini ya jibu kwa majivuno. Jibu ni kama 8.

Nilisahau kwamba barafu hula joto kabla haijapanda hata uzi mmoja. Kuyeyusha kilo moja kunahitaji takriban jouli 334,000 (jouli ni kipimo cha nishati), kwa hiyo zile gramu 100 humeza 33,400 zikiwa bado pale pale kwenye sifuri. Maji nayo, yakipoa mpaka 0°C, hutoa 50,400 (yaani 0.4 × 4,200 × 30; ile 4,200 ni jouli za kupandisha kilo moja ya maji kwa uzi mmoja). Zinabaki 17,000 za kupasha nusu kilo yote, na hizo zinatosha nyuzi 8 na kidogo. Joto hilo la kuyeyusha huitwa joto fiche, na kweli limejificha: kipimajoto hakilioni.

Ndiyo maana nakusihi utenganishe joto na halijoto mapema. Joto ni nishati inayohama; halijoto ni kile kiwango cha umoto au ubaridi ambacho kipimajoto husoma. Mkono wako, kwa mfano, haupimi halijoto. Asubuhi gusa mguu wa chuma wa kiti, kisha ubao wake. Vimelala chumba kimoja, halijoto ni ile ile, lakini chuma kinauma kwa baridi kwa kuwa kinanyonya joto la ngozi upesi. Ubao unalipokea kwa uvivu. Mimi nilibisha wiki nzima, mpaka nilipobandika kipimajoto kwenye vyote viwili.

Mpitisho, myuko na mnururisho, yaani njia tatu za joto kusafiri, utavikariri kwa siku moja. Kazi ni kuvitambua vikiwa pamoja. Sufuria ya maji ikiwa motoni, joto hupenya chuma kwa mpitisho; maji ya chini hutanuka, yakawa mepesi, yakapanda, na ya juu yakashuka, huo ndio myuko; kiganja chako ukikiweka kando ya moto kinapata mnururisho, joto linalosafiri bila kuhitaji kitu cha kulibeba.

Kwenye daftari, chora kwanza mshale kutoka penye moto kwenda penye baridi, ndipo uandike kanuni. Na gramu uzigeuze kilo: ile 4,200 ni ya kilo moja.