Karavani ya mtumba, gari dogo

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni muuguzi hapa Leicester, nina watoto wawili na Honda Jazz ya 2016, petroli, gia za mkono. Kiangazi tunataka kwenda Wales na karavani yetu wenyewe. Nimeona moja ya mtumba, vitanda vinne, pauni 1,800. Mwenyewe anasema gari langu "litaivuta tu". Shemeji naye anasema leseni yangu ya 2009 hairuhusu mpaka nifanye mtihani mwingine. Nimwamini nani?
Mama wa Wawili

JIBU: Marahaba, mama. Usimwamini hata mmoja. Sharti la mtihani wa pili kwa waliopata leseni kuanzia 1997 lilifutwa tarehe 16 Desemba 2021; leseni yako inatosha kwa trela ya hadi kilo 3,500. Jazz yako ndiyo haifiki huko, hata robo kwa shida.

Chukua V5C, ile kadi ya gari. Mstari wa O.1 ni uzito unaoruhusiwa kuvuta trela yenye breki, O.2 isiyo na breki. Pakiwa sifuri, funga mjadala; magari madogo ya haibridi mengi yako hivyo. Kisha tazama G, uzito wa gari lenyewe, upige asilimia 85 yake. Gari la kilo 1,100 linakupa 935. Hiyo si sheria, ni ushauri wa wazoefu, lakini kwa mtu anayeanza na vilima vya Wales mimi siulegezi. Kati ya hesabu hiyo na O.1, shika iliyo ndogo.

Namba hiyo ilinganishe na MTPLM, yaani uzito wa juu kabisa wa karavani ikiwa na mizigo, iliyoandikwa kwenye kibao karibu na mlango wa karavani. Muuzaji atakutajia uzito ikiwa tupu. Nani anasafiri na karavani tupu? Lita ya maji ni kilo moja, bado mtungi wa gesi, mablanketi, baiskeli za watoto, na nakujua, sufuria la pilau halibaki nyumbani. Karavani nyingi za vitanda vinne zikijazwa hupita kilo 1,000. Hiyo ya pauni 1,800 iache.

Tafuta Freedom, kijumba cha faibaglasi kilichotoka Niewiadów, Poland, kwa umbo la N126 iliyobuniwa kuvutwa na kigari cha Fiat 126. Ndogo, ndiyo, na bei yake haishuki upesi. Fedha ikibana, trela ya hema inawatosha watatu.

Ukienda kukagua, nenda na kipima unyevu. Bonyeza pembe, chini ya madirisha, ndani ya makabati ya mbele. Chini ya asilimia 15 sawa, ikivuka 20 dai maelezo, ikifika 30 ondoka hata kama chai imeshamiminwa. Tairi usizihukumu kwa kashata: soma tarakimu nne za mwisho za DOT, ile alama ya ubavuni mwa tairi. 1417 ni wiki ya 14 ya 2017, na tairi ya karavani ikipita miaka saba ni ya kutupa. Karavani za Uingereza kuanzia 1992 zina namba iliyochongwa kwenye vioo; ikiwa imekwanguliwa, usiulize kwa nini, nenda zako.

Kulabu ya kuvutia karavani ifungwe na fundi anayejua Jazz, iwe imeidhinishwa kwa gari hilo. Na uongeze vioo vya pembeni kama karavani ni pana kuliko gari, polisi hawana masihara navyo.