Madoa ya zambarau kwenye kioo cha tangi la maji ya chumvi

Kaka, hayo madoa magumu unayotaka kuyazuia ni mwani wa chokaa. Kwenye mawe ni pambo. Kero ni yakiwa kwenye kioo na pampu. Mwani huu hujenga gamba lake kwa kalsiamu na magnesiamu ya majini, kwa hiyo kama unafuga samaki tu, acha kuongeza kalsiamu. Ukiwa na matumbawe usithubutu: nayo yanaitegemea hiyohiyo, yatadhoofika pia. Hapo ni kazi ya mkono. Kwangua kila wiki, madoa yakiwa bado machanga. Kioo, tumia wembe. Tangi la akriliki (plastiki angavu), tumia kadi ya plastiki, maana wembe utaichora. Pampu izime, iloweke kwenye siki iliyochanganywa na maji, isugue, isuuze vizuri. Konokono? Usiwategemee sana kuula mwani huu.